Masini ya kushona katika chumba kimoja

(Maneno yaliyosemwa na wafanyakazi wa shirika linalosindikiza wamama washonaji, katika mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Tuliombwa kusema juu ya kazi ya ushonaji baada ya mafunzo. Tungeweza kuja na hesabu ya vyeti na picha za siku ya sherehe, zile ambazo kila mtu anashika makasi na kucheka. Tumechagua kitu kingine. Tutasema juu ya kona ya nyumba, ile kona ambamo mtu anaweka masini yake, nyuzi zake na vitenge vya watu. Kuna mama aliposikia hivyo pale mlangoni akasema, "Na hiyo nayo ni mkutano?" Ndiyo mama, ni mkutano. Tumeona kazi nyingi zikifia konani, na mshonaji mwenyewe mzima, mikono yake mizima.

Kwanza tupatane juu ya neno. Waliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu wanasema cherehani. Waliobaki huku wanasema masini. Leo tutasema yote mawili, tusigombane.

Wengi wenu mnakumbuka zile safari. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilikuwa zinatoka Kigoma na kushusha watu hapa Baraka, na UNHCR ndiyo ilikuwa inazipanga. Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, bado ina ndugu zetu ndani yake. Katika ile mizigo ya kurudi kulikuwa na sufuria, mablanketi, mabati, na mara nyingi kulikuwa na makasi. Mama mmoja alitutolea ya kwake chini ya kanga: makasi makubwa meusi, ya kukatia nguo, aliyoyanunua kambini. Yamepita ziwa, yamepita vita viwili vya jirani, na bado yanakata kitenge kikavu kwa mkono mmoja. Tulimuuliza siri yake. Akasema, "Hayajawahi kukata karatasi. Na mtoto akiyagusa anajua."

Basi tuseme ukweli juu yetu sisi. Tumesoma chuo kikuu, tunajua kuandika mradi, tunajua kuandika ripoti. Tulifundisha miezi sita: kupima, kukata, kushona sketi, kushona shati la shule, kutia zipu. Siku ya mwisho kila mmoja akapokea cherehani ya miguu, makasi, mita ya kupimia, nyuzi na vitenge vya kuanzia. Tukaandika kwenye ripoti: vifaa vimetolewa. Hatukufundisha hata siku moja vifaa hivyo vilale wapi. Tulifikiri mtu akipewa kitu cha thamani atajua mwenyewe pa kukiweka. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja au viwili, sakafu ya udongo, watoto sita, gunia la muhogo, karai la ndagala, na mvua kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano. Mahali pa kukiweka pako wapi?

Mvua za kwanza zilipopita tukaanza kuzunguka na pikipiki. Nyumba ya kwanza tuliyoingia, masini ilikuwa imeegemezwa ukutani, na ule ukuta ulikuwa umenyonya maji toka chini mpaka kwenye goti. Mkanda wa ngozi ulikuwa umelowa na kulegea, gurudumu likawa linazunguka peke yake. Nyumba ya pili, masini ilikuwa inakanyagika kwa nguvu kama unapanda mlima wa kwenda Minembwe. Tukafungua. Ndani mlikuwa na kitu chekundu, kizito, kinanata, kimeshika vumbi la vitambaa kama nywele. Mama alikuwa amepaka mawese.

Hatukumcheka. Fizi ni nchi ya mawese, mafuta yako mlangoni, na hakuna aliyemwambia kwamba mafuta yanayoliwa hukauka na kuwa gundi ndani ya chuma. Cherehani inataka mafuta yake yenyewe, yale meupe mepesi, tone moja kwenye kila tundu. Ukikosa, heri uache bila kitu mpaka siku ya soko kuliko kutia mawese au mafuta ya karanga. Na kama umeshatia, dawa ipo: matone machache ya mafuta ya taa, yale wengine wanaita petroli ya taa, zungusha gurudumu polepole, futa ule uchafu unaotoka, rudia mpaka kitambaa kitoke safi, kisha ndipo utie mafuta ya cherehani. Fanyieni nje, mbali na jiko.

Lakini tusikae sana kwenye chuma. Chuma kinaponyeka. Kitenge cha mtu hakiponyeki.

Mnajua mwezi wa pili ulivyo hapa kwetu. Kila kikundi cha wamama kimechagua kitenge chake cha tarehe 8 Machi, na kila mama anataka nguo iwe tayari kabla ya siku. Kwa mshonaji huo ndio msimu wa mavuno. Mwanachama mmoja, hatutasema wa mtaa gani, alipokea kazi ya wamama wanane wa kikundi kimoja. Wanane, kitenge kimoja, rangi moja, ua moja. Mmoja alileta kipande kizima, zile yadi sita. Mwingine alileta yadi nne. Mwingine alileta mbili, na kuahidi nyingine. Yeye akavipokea vyote kwa furaha, akavikunja vizuri, akavitia ndani ya gunia la mchele na kuliweka miguuni pa kitanda, chini.

Usiku wa tatu mvua ikanyesha kutoka upande wa ziwa. Maji hayakuingia mlangoni, yaliingia chini ya ukuta, kimya kimya. Kitenge cha chini kililala ndani ya maji mpaka asubuhi, pamoja na kipande chekundu cha mteja mwingine, na ule wekundu ukahamia. Panya nao walikuwa wamekwishapita, kwa sababu gunia lilikuwa na harufu ya mchele. Alipovitoa kuvianika, vyote vikafanana. Nani alileta yadi sita? Nani alileta nne? Hakuandika. Alikuwa anakumbuka kwa kichwa, na kichwa siku ile kilikuwa kimejaa machozi.

Wamama wanane walifika pamoja. Kila mmoja alisema kitenge kizima ndicho chake. Tusiwalaumu, pengine wawili au watatu kweli waliamini hivyo. Mwisho wake alitoa akiba yake yote ya AVEC kulipa, haikutosha, akaweka masini rehani kwa mtu. Tulipopita mwezi wa sita ile masini ilikuwa kwenye sebule ya huyo mtu, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake redio. Mwenyewe alikuwa analima shamba la mwenzake kwa kibarua. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wetu hodari kabisa. Kola ya shati alikuwa anaitia bila kuipima mara mbili.

Kwa hiyo tukikaa hapa na kusema juu ya ndoo na misumari, mjue ni huyo mama tunayemwona.

Wengine kati yenu mlituambia: fungueni dipo moja, chumba kimoja kikavu chenye kufuli, kila mshonaji aweke vyake mle. Tulijaribu. Ilionekana akili nzuri sana kwenye karatasi. Kumbe wamama wanashona saa zao, usiku watoto wakilala, au alfajiri kabla ya shamba, na mwenye ufunguo naye yuko shambani. Baada ya miezi miwili kila mmoja alikuwa amekwisha kurudisha vitu nyumbani, kidogo kidogo. Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo mama mmoja mzee alilisema wazi: "Siku watu wakikimbia, vitu vyetu vyote viko nyuma ya kufuli moja, na huyo mwenye ufunguo amekimbilia upande mwingine." Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumeacha habari ya dipo. Nyumbani ni nyumbani, hata kama ni chumba kimoja.

Basi tufanyeje na hicho chumba? Haya tutakayosema hatukuyatoa chuoni. Tumeyaokota kwenye nyumba zenu, hapa Baraka, Sebele, Mboko, kwa wale ambao vitu vyao havikuharibika. Sisi tumekusanya tu.

La kwanza, chini si mahali. Sanduku la bati ndilo bora, lile la wanafunzi wa bweni, lakini hata sanduku la bati likilala juu ya udongo linashika kutu kwa chini na unyevu unapanda. Tia matofali manne au mawe. Liache mbali na ukuta, upana wa kiganja, upepo upite na wewe uone kama mchwa wameanza kujenga njia yao. Meza ya cherehani nayo ina mbao, na mchwa hawaulizi kama ni ya msaada au ya kununua. Miguu ya chuma iwekee kijiwe bapa chini.

Asiye na sanduku anaweza kuning'iniza. Tuliona kazi nzuri sana ya baba mmoja, mume wa mshonaji: alikata dumu la njano la lita 20 ubavuni, likawa kama droo, akalifunga kamba kwenye mti wa paa. Kwenye kila kamba, katikati, alipitisha kifuniko cha kopo la maziwa kilichotobolewa. Panya akishuka na kamba anafika kwenye kile kifuniko, kinayumba, anarudi. Madumu manne yananing'inia pale juu ya kitanda, moja la nyuzi, moja la zipu na vifungo, moja la kazi zilizokatwa, moja la vitenge ambavyo havijaguswa. Mgeni akiingia anadhani ni mapambo. Muangalie tu kwamba bati la juu halivuji hapo mahali, siku ya mvua ndiyo siku ya kuchagua.

Nyuzi msizianike dirishani kwa uzuri. Tunajua inavuta wateja, lakini jua linakula uzi, rangi inapauka na uzi wenyewe unakatika hovyo, halafu mnasema masini ni mbovu. Ile ndoo yenye kifuniko mliyopewa pamoja na sabuni, kama haitumiki kwa maji, ni nyumba nzuri ya nyuzi. Sindano ziwe kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, zimechomekwa kwenye kitambaa kilichoguswa mafuta ya cherehani. Namba 14 peke yake, namba 16 peke yake. Namba imeandikwa shingoni kwa maandishi madogo sana, tafuteni mtoto mwenye macho mazuri awasomee. Sindano iliyopinda msiitunze kwa huruma. Ifungeni ndani ya karatasi nene muitupe chooni, kwa sababu watoto wetu wanatembea pekupeku.

Makasi. Hapa tutakuwa wakali. Makasi ya nguo na makasi ya karatasi ni watu wawili. Wengi wenu mnakata patroni kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, ni karatasi nzuri, ngumu, haichaniki upesi. Lakini ina vumbi la simenti ndani yake, na lile vumbi ni kama jiwe la kunolea lililokasirika. Mara tatu tu makasi mapya yanakuwa ya kukatia sombe. Kung'uta mfuko, futa, na tumia makasi ya zamani. Funga uzi mwekundu kwenye yale ya nguo, kila mtu nyumbani ajue. Msumari wa kuyatundika uwe juu ya kichwa cha mtoto mkubwa. Patroni zenyewe zikunje kama mkeka mdogo, tia ndani ya mwanzi mnene uliopasuliwa fundo, ziba kwa kitambaa. Mende hawaingii, na mwanzi haununuliwi.

Ndagala na vitenge visilale chumba kimoja. Tunajua tunachokisema ni kigumu kwa mwenye chumba kimoja. Basi ndagala ziwe kwenye ndoo iliyofungwa na vitenge viwe upande wa pili, juu. Mteja anasamehe mshono uliopinda kidogo, hasamehi kuingia kanisani ananuka ziwa.

Vipande vinavyobaki vinatuletea ugomvi mwingine. Kwanza muulize mwenye kitenge: hivi vilivyobaki unavitaka? Ni vyake mpaka aseme. Akikuachia, vikubwa kuliko kiganja viwekwe kwa mifuko ya shule, viraka na vitambaa vya wasichana vya mwezi. Vidogo zaidi vinajaza mto. Gunia moja tu. La pili likianza ni nyumba ya panya, tumeshaona panya akizalia ndani ya kitenge cha nta cha bei.

Sasa tufike kwenye daftari, ile kaye ya watoto wa shule. Siku mteja anapoleta kitenge, mbele yake, kabla hajaondoka, pima. Andika yadi ngapi, andika alichoagiza, andika alicholipa na kilichobaki. Kata ncha ndogo ya kitenge pembeni, kama ukucha wa kidole gumba, ibandike kwenye ukurasa wake kwa pini. Vitenge vikifanana, kama vile vya 8 Machi, ncha haitasaidia, basi funga kila kitenge kwa utepe wa kitambaa cha rangi yake: Mama huyu kijani, Mama yule njano, na ule utepe ubandikwe pia kwenye daftari. Wamama ambao hawakubahatika kwenda shule wanafanya hivi kwa mafundo. Fundo moja yadi moja, na alama ya kila mtu. Tuliona mama mmoja ana kamba kumi na moja kwenye msumari, na hakosei hata moja. Tulimpa daftari, akalipokea kwa adabu, mjukuu wake analichorea.

Mteja naye aondoke na utepe wa rangi ileile. Wengine waliona haya kufanya hivyo na jirani, wakasema ataona hatumwamini. Jaribuni. Jirani anafurahi, anaona kitu chake kina jina.

Kuna jambo ambalo tulijiuliza kama tuliseme hapa. Wazee wa chama walituruhusu. Hakuna mtu ndani ya ukumbi huu ambaye hajawahi kukimbia. Wengine 1996, wengine 1998, wengine juzi kutoka upande wa milimani. Hatuna habari yoyote mpya, msishtuke. Lakini tuliwauliza washonaji waliowahi kukimbia: ulibeba nini? Wengi walisema waliacha cherehani nzima kwa sababu ni nzito na ina miguu. Wachache walibeba kichwa. Na kweli, kichwa cha cherehani kinatoka kwenye meza yake: kiinamishe nyuma, chini utaona bawaba mbili, kila moja na skrubu yake. Legeza mbili hizo, toa mkanda, vuta. Uzito wake unakaribia nusu dumu la maji, na nusu dumu mnalibeba kila siku. Meza fundi wa mbao atakutengenezea popote utakapofika. Kichwa hakuna atakayekutengenezea.

Kwa hiyo bisibisi isiwe kwa jirani. Ifungwe kwa kamba kwenye mguu wa meza. Na daftari la wateja likae pamoja na kadi ya AVEC na karatasi za watoto, kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Mama mmoja alikimbia na daftari lake mpaka ng'ambo, akarudi baada ya mwaka, akamtafuta mteja na kumwambia, ninyi mlikuwa na kitenge kwangu, kilipotea, na mlikuwa mmeshanilipa nusu, haya tuzungumze. Leo ana wateja kuliko wote mtaani kwake.

Neno fupi kwenu wafadhili. Tunashukuru, na hatusemi kwa adabu tu. Mkitupangia masini kumi, tungependelea tisa, na ile bei ya kumi inunue masanduku ya bati, makufuli, chupa za mafuta ya cherehani na bisibisi kwa wale tisa. Orodha itakuwa na namba ndogo zaidi. Na mkituomba picha, ombeni nyingine baada ya mvua mbili, ndani ya nyumba, si uwanjani. Sisi wenyewe tuliomba pesa kwa namba kubwa, kosa si lenu peke yenu.

Kuhusu yule mama wa vitenge vinane, kamati ya chama imekubali mfuko wa kusaidiana umkopeshe bila faida ili aikomboe masini, na sisi tumeongeza sanduku. Mwenye kuishika amekubali bei, ila anataka alipwe kwa noti za dola zisizochanika, na hizo hapa Baraka mnajua zinavyotafutwa. Tunazitafuta.

Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi tutakuwa hapahapa uani. Mwenye masini yenye mawese alete kichwa tu, meza aiache nyumbani. Asiyejua kukitoa amwambie jirani yake aliyekaa upande wake wa kulia, tumemwona ameandika. Mafuta ya taa tutaleta sisi, vitambaa vya kufutia leteni wenyewe, kutoka kwenye lile gunia la pili.